Vidonge vya Mwezi Mmoja

Ndugu zangu wa Kibaoni, na ninyi mnaovuka mto kila mwaka kwenda kulima mpunga, nipeni masikio yenu kidogo. Jambo nitakalowaeleza halikumpata jirani. Limeipata nyumba yangu, na mimi mwenyewe nina sehemu yangu ndani yake.

Mwanangu wa tatu anaitwa Marselino. Mke wake ni Aurelia, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mrefu, mchapakazi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Mvua zikishakolea, wao wanahamia shamba na mimi nabaki mjini na wajukuu kwa sababu ya shule. Wengi wetu hapa Ifakara tunaishi hivyo. Nusu ya mwaka nyumba ina wazee na watoto, na wenye nguvu wako mbugani, wanalala kwenye dungu juu ya maji na kuamia ndege mpaka mpunga uive.

Mwaka jana waliondoka Jumatatu moja ya mwezi wa pili. Asubuhi ilikuwa njema. Mvua ilikuwa imenyesha na kukatika, pawatila, lile trekta dogo la mkono, ya kukodi ilikuwa inanguruma mlangoni, na Aurelia alikuwa anafunga mizigo huku anaimba wimbo wa kwaya. Alifunga mbegu, chandarua, sufuria mbili, chumvi, mafuta kwenye dumu dogo, na makopo matupu ya kufunga kwenye kamba ili ndege wakija ayatikise.

Marselino akanitania, akasema, "Mama, huyu akifunga mzigo hata panya hapati pa kuingia."

"Akiingia atatoka na njaa," Aurelia akajibu bila kugeuka.

Lazima niwaeleze kitu ambacho wageni hawakijui. Kwetu, mwanamke anayekwenda shamba hupimwa kwa chumvi. Mwingine anaondoka na pakiti nne, na mwezi haujaisha anatuma mtu mjini kuomba nyingine. Mwingine anaondoka na pakiti hizo hizo nne, na siku ya mavuno bado ana ya kumpa jirani. Huyo wa pili ndiye tunayemsifu. Aurelia alikuwa wa pili. Kwake mafuta yalikuwa matone, sabuni ilikatwa vipande, kiberiti kilihesabiwa njiti. Sifa zake zilikuwa zimefika mpaka Mang'ula kwa wazazi wake.

Sasa, mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda naye kituo cha afya, kwenye kliniki yangu ya presha. Alinisindikiza tu. Sista Jane, muuguzi anayetuhudumia siku zote, akampima naye kwa vile alikuwa amekaa karibu. Ikaonekana yake iko juu kuliko ya kwangu mimi mzee. Wakarudia siku nyingine na nyingine, bado iko juu. Akafunguliwa daftari, akapewa vidonge, kimoja kila siku asubuhi. Akawa anameza, na presha ikashuka vizuri.

Asubuhi ile ya safari nikamuuliza kama amechukua dawa.

"Nimechukua za mwezi, Mama. Zitatosha mpaka mavuno."

Nililisikia neno hilo, ndugu zangu. Vidonge thelathini, na mavuno ni mwezi wa sita. Shule nimeishia la tatu, lakini hesabu hiyo naiweza. Sikuipiga. Nilisikia "zitatosha" nikafurahi kama nilivyozoea kufurahi, nikamgeukia Marselino nikamwambia, "Ndiyo maana nasema wewe ulioa." Aurelia akacheka, wakaondoka.

Huko shamba mambo yalikwenda hivi, kama walivyokuja kunisimulia wenyewe baadaye. Siku za mwanzo alimeza kila asubuhi. Lakini dawa ile ilikuwa ya kupunguza maji mwilini, kwa hiyo ilimpeleka haja ndogo mara kwa mara. Mjini hilo si neno. Shamba ni kazi. Uko juu ya dungu, chini maji yanafika magotini na ruba wamejaa, ukishuka unapanda tena umelowa, na dakika hizo tano ndege wamekwisha kutua. Akaanza kuruka siku moja. Akaona hana homa, hana maumivu, analima kama kawaida. Akaruka mbili. Mwisho akajipangia mwenyewe: kichwa kikiuma anameza, kisipouma anaweka. Tena Marselino alipoamka siku fulani na kichwa kizito, akampa naye kimoja, akasema nyumba moja, dawa moja.

Alikuwa anazitunza kama chumvi.

Mwishoni mwa mwezi wa nne mpunga ulikuwa umeanza kubeba. Kwelea wakaja kwa makundi, wale ndege wadogo wanaofunika anga. Wakati huo hakuna mtu wa kukaa kimya mbugani. Kila dungu lina mtu anayepiga kelele tangu alfajiri, na kila mwenye shamba anaijua sauti ya mwenzake. Marselino alikuwa upande wa pili anaziba tuta. Anasema alikuwa anaisikia sauti ya mkewe vizuri, pamoja na makopo yake. Kisha sauti ikakatika. Akadhani anakunywa maji. Akaona ndege wanashuka katikati ya mpunga, wanatulia, wanakula, na hakuna anayewafukuza. Hapo akatupa jembe.

Alimkuta amelala ubavu juu ya dungu. Macho wazi. Mdomo umevutwa kushoto, mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelegea kama si vyake. Alikuwa anajaribu kusema, yakatoka maneno yasiyo na umbo.

Jirani yao wa shamba ni mzee Raimundi. Nataka mjue kwamba ni mtu mwema, simsemi kwa ubaya. Alikuja mbio, akamtazama, akasema mama huyu amepigwa na upepo, upepo wa mbugani, na dawa yake anaijua kwa sababu baba yake aliitumia. Marselino alikuwa amechanganyikiwa, akakubali. Wakamshusha, wakamlaza kwenye kivuli cha kibanda, wakamsugua kwa majani. Mzee Raimundi akaenda kutafuta mizizi. Hayo yalianza saa mbili asubuhi. Ilipofika saa tano hakuna kilichobadilika, na Marselino akapanda juu ya kichuguu, mahali pekee ambapo simu inashika, akanipigia.

Nilikuwa nachambua mchele. Akanieleza yote kwa sauti ya mtoto. Kitu cha kwanza kunitoka mdomoni ni kuuliza kama hamezi dawa zake. Akasema anameza, ngoja azitazame. Nikamsikia anakimbia, anapekua, anarudi.

"Mama, vimo vidonge kumi."

Nikakaa chini. Siku zilikuwa zimepita zaidi ya sabini.

"Nimpe viwili, Mama? Au vitatu?"

"Usimpe chochote. Hata maji usimpe, koo lake halijui linachofanya. Mlete."

"Mzee Raimundi ameshachimba mizizi, inachemka."

"Mwanangu, mizizi itasubiri. Mgonjwa hasubiri. Mlete sasa hivi."

Wala msidhani nilikuwa na elimu kubwa. Sista Jane hutufundisha kila siku ya kliniki kabla ya kupima: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakiharibika, hicho ni kiharusi, na kila dakika inakula sehemu ya kichwa. Miaka sita nimekaa kwenye benchi lile nikiyasikia. Kumbe nilikuwa nayasikia kwa ajili ya siku hiyo.

Wakamtoa kwa mtumbwi mpaka kwenye barabara, kisha bajaji, wakapita daraja pale Kivukoni, wakafika hospitali saa tisa alasiri. Presha ilikuwa mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Daktari akasema mshipa umeziba kichwani, na saa saba zimepita tangu asubuhi ile. Hakutulaumu. Alisema tu kwamba saa hizo hazirudi, kwa hiyo tushughulikie zilizobaki.

Siku nne hatukujua kama atabaki. Nilikaa kando ya kitanda nikimfuta mate, na kichwani mwangu lilikuwa linazunguka lile neno nililomwambia Marselino mlangoni siku ya safari. Siku ya tano akanibana kidole kwa mkono wa kushoto. Siku ya tisa akaita jina la mumewe, nusu yake.

Alipotoka hospitali tulirudi kwa Sista Jane na daftari. Marselino akajitetea, akasema mke wake alikuwa anajisikia mzima kabisa, mpaka jana yake alikuwa anatania watu.

Sista akamwambia, "Kaka Marselino, presha haiumi. Ingekuwa inauma watu wote wangemeza dawa. Kidonge cha leo ni kwa ajili ya leo, hakihifadhiki. Usipokimeza leo, hukukiweka akiba, umekikosa."

Kisha akamgeukia Aurelia, akamuuliza taratibu kilichomfanya aache. Aurelia alichukua muda mrefu kujibu, ulimi ulikuwa mzito. Akasema, "Ilikuwa inanikojoza. Juu ya dungu. Nikaona aibu kusema."

Sista Jane akaweka kalamu chini.

"Mama Aurelia, dawa za presha si moja. Ziko za aina nyingi. Moja ikikukojoza, au ikikukohoza, au ikikuvimbisha miguu, unarudi, daktari anatafuta nyingine inayokufaa. Ungeniambia tungebadilisha wiki ile ile. Na ungeniambia unakwenda shamba miezi minne, ningekuandikia za kutosha na zahanati ya karibu ya kupimwa huko huko."

Aurelia akasema, "Nilijua ni hiyo tu."

Mimi nilitazama sakafu. Miaka sita niko kliniki, na mimi pia nilidhani ni hiyo tu.

Marselino naye akapimwa siku hiyo. Presha yake ni nzuri kabisa. Sista akamuuliza basi kile kichwa kizito kilichomfanya apewe kidonge cha mke wake kilitokana na nini, akajikuna, akakiri kwamba jana yake kulikuwa na pombe ya kangara kwa jirani. Aurelia akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko chake.

Mzee Raimundi aliwaamia shamba lao wiki tatu zote tulizokuwa hospitali, yeye na mkewe, bila kuombwa. Hata hivyo sehemu kubwa iliishia kwa ndege siku zile za kwanza. Alipokuja kumwona mgonjwa, na kuku mkononi, Aurelia akamng'ang'ania aende kupimwa. Akaenda kwa kumridhisha. Mia moja na themanini, na aliporudiwa ikawa ile ile. Akarudi kwetu na daftari jipya kwapani, akasema, "Basi ule upepo ulikuwa unanitafuta mimi." Sasa anameza kila siku. Majani yake bado anatumia, lakini amemtajia daktari ni majani gani, akaambiwa yapi ayaache.

Aurelia anatembea. Mguu umerudi kwa mazoezi, amefanya kila asubuhi bila kuchoka, akishika ukuta wa nyumba. Mkono wa kulia haukurudi wote. Unashika kikombe, haushiki mundu. Sauti imepungua, hawezi tena kumfukuza ndege.

Juzi tulikuwa tumekaa jikoni nikamwambia nilichokuwa nimekibeba mwaka mzima. Nilimwambia kwamba nilimsifu siku ile mahali ambapo nilipaswa kumuuliza.

Akafikiri. Siku hizi anafikiri kwanza, ndipo anasema.

"Mama, ulinisifu kweli. Lakini na mimi nilikuwa nazipenda hizo sifa. Nilitaka nirudi na vidonge, nikuonyeshe."

FUNDISHO

Wanangu, kubana matumizi ni jambo jema, na sitaacha kuwafundisha wasichana wetu. Lakini dawa ya kila siku haibanwi. Presha, sukari, pumu, kifafa, hayo ni maradhi ya kukaa nayo. Ukijisikia mzima maana yake dawa inafanya kazi; si ruhusa ya kuiacha. Usimgawie mwenzako dawa yako hata kama mnalala kitanda kimoja, kwa maana hamkupimwa pamoja.

Mnaohamia shamba, nendeni kliniki kabla ya kufunga mizigo. Semeni mnakwenda wapi na mtakaa muda gani. Dawa ikikusumbua, sema hata kama ni jambo la aibu. Muuguzi amesikia makubwa kuliko lako. Ulizeni kama iko nyingine. Kuuliza si ubishi, ni haki ya mgonjwa.

Mkiona mdomo umekwenda upande na mkono umelegea, msisubiri kitu chochote kichemke. Mpelekeni hospitali.

Na ninyi wazee wenzangu tunaobaki na watoto mjini, tunaposimama mlangoni kuwaaga, tusiulize tu kama wamechukua dawa. Tuulize ni ngapi, tuhesabu nao. Mwaka huu mwanangu amevuka mto peke yake, na dungu la Aurelia halikujengwa.