Maneno Aliyoyaongeza Kabahenda

Kila alasiri Kabahenda alipotoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutenga ukindu wa mama yake kwa rangi. Mama alikuwa na mtoto wa jicho. Vidole vyake bado vilisuka vikapu kwa ustadi, lakini maandishi yalikuwa yameshamshinda. Kwa hiyo kazi ya pili ya Kabahenda ilikuwa kumsomea ujumbe wa simu.

"Abwooli ameandika?" mama aliuliza kila siku.

Abwooli alikuwa rafiki yake wa ujanani. Walichuma chai pamoja nje ya Fort Portal, wakaazimana gauni moja la kwendea kanisani. Sasa Abwooli alikuwa mkunga Kampala, na miaka sita ilikuwa imepita bila kuonana.

Siku moja ujumbe uliingia kwa mama, ambaye Abwooli alizoea kumwita Adyeri: "Salamu Adyeri. Nimechoka na zamu. Tutaongea." Kabahenda akautazama uso wa mama, umejaa hamu. Moyo ukamwuma.

"Adyeri wangu," akasoma, "sipitishi siku bila kukukumbuka. Unalikumbuka gauni letu?"

Mama alicheka mpaka kikapu kikamwanguka. Tangu hapo, Abwooli akiandika mstari mmoja, Kabahenda alisoma mitano.

Mwezi wa nane Abwooli alikuja kwenye harusi ya mpwa wake, akapita kumsalimu mama. Ugali wa wimbi ulikuwa tayari.

"Abwooli! Hata kwa macho haya naona umenenepa!"

"Na wewe mdomo wako haujazeeka hata kidogo!"

Wakakumbatiana, wakacheka. Wakaulizana habari za watoto, habari za mvua. Abwooli akatupia saa yake jicho.

"Basi tuseme lini?" mama akauliza. "Hospitali waliniita mwezi wa tano nipasuliwe macho, nikakataa. Niliwaambia namngoja Abwooli. Si uliandika utakuja unishike mkono?"

"Mimi?" Abwooli akashangaa. "Adyeri, sikuandika hivyo. Hata sikujua unaumwa macho."

Kabahenda angeweza kukimbilia jikoni, lakini alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Ni mimi. Alikuwa anaandika maneno machache, nami nikaongeza, hata hiyo ahadi ya kukushika mkono; na majibu yako sikuyatuma yote. Nilitaka ufurahi."

"Kwa hiyo nilikuwa nazungumza na mtoto wangu," mama akasema taratibu.

Abwooli akajifuta machozi kwa kanga. "Mtoto ameongopa, lakini pengo nililiacha mimi. Adyeri, sitaki kukudanganya. Wodi imenimeza, watoto wangu wananingoja mlangoni. Zile siku zetu siwezi kuzirudisha. Ila siku moja ya upasuaji naweza kuiomba."

"Nazitamani sana siku zile," mama akasema.

"Hata mimi."

Abwooli alitimiza ahadi. Alifika hospitali asubuhi, akamshika mama mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na alasiri akapanda basi kurudi kazini. Mama alilia kidogo alipoondoka.

Wiki chache baadaye macho yalipopona, simu ililia. Mama aliichukua mwenyewe, akasoma polepole: "Umeamkaje, Adyeri? Niko zamu."

Akasoma mara ya pili. Kabahenda alikaa kando yake, kichwa chini.

"Mama, bado una hasira na mimi?"

"Hasira imekwisha. Lakini sikiliza, mwanangu. Watu wakikua, maisha huwavuta huku na huko, na urafiki hubaki na nafasi ndogo. Inauma, sikufichi. Lakini hiyo ndogo ni ya kweli. Wewe kwa huruma yako ulinipa rafiki asiyekuwepo, nusura nipofuke nikimngoja. Mtu ukimpenda, mwambie kweli, hata kama ni fupi."

"Nimeelewa, Mama. Nikuandikie jibu?"

"Hapana," mama akasema, akiisogeza simu karibu na uso wake. "Hili nitaliandika mwenyewe."