Aliyeipita Njia ya Jomvu

"Njia ni ndefu, Mwanasiti. Miguu yangu haiwezi tena."

Jaffar alisema hayo akiwa ameketi mkekani, nyumbani kwa mama mkwe wake, Jomvu Kuu, na wali mbele yake hajaugusa. Alikuwa kuli bandarini Kilindini. Tangu waoane alikuwa akitoka kabla ya alfajiri, akakata mashamba hadi barabara kuu, akashuka Changamwe, akavuka Makupa, akabeba magunia kutwa, kisha jioni akairudia njia ile ile.

"Sasa wataka tufanyeje?" mkewe akauliza.

"Nimepata chumba Changamwe. Twende tukakae huko."

"Na mama nimwachie nani? Macho yake hayaoni."

"Basi nitakaa peke yangu. Kila Jumamosi nitakuja."

Mwanasiti alizitazama nyayo za mumewe zilivyopasuka, akamwonea huruma.

"Nenda. Lakini usitusahau."

"Nitasahauje kwangu?"

Hiyo ilikuwa 1961, mwaka wa uchaguzi. Mwanzo Jaffar alikuja kila Jumamosi na kitoweo mkononi. Baadaye ikawa anaruka moja, kisha anaruka mbili, kisha zikaja salamu tu. Aliyezileta ni Mwarandu, mwenzake wa bandarini, aliyepita Jomvu na baiskeli yake akienda kwao Rabai.

"Shemeji, Jaffar akusalimu. Asema miguu yamuuma."

"Mwambie apoe."

Siku moja Mwarandu alifikisha salamu, asiondoke. Akawa anapangusa kiti cha baiskeli ambacho hakikuwa na vumbi.

"Shemeji, mie nimechoka kuzibeba salamu hizi."

"Kwani nzito?"

"Za uongo. Jaffar nampata njiani kila Jumamosi. Aenda Miritini, na aenda kwa miguu."

Mwanasiti aliijua barabara ile. Mtu atokaye Changamwe kwenda Miritini sharti aifikie njia ya Jomvu, aipite, aendelee.

"Kwa nani?"

"Kwa mama mmoja auzaye chai kwa madereva wa malori. Mkamba. Aitwa Nduku."

Jumamosi iliyofuata Mwanasiti alimwacha mama yake na Mwanakheri, binamu yake, akavaa buibui, akaenda. Kibanda cha chai cha Miritini hakikumpa taabu kukiona.

"Karibu, dada. Chai?" Nduku alimkaribisha.

"Nipe maji tu. Mimi ni mke wa Jaffar."

Nduku aliiweka birika chini taratibu.

"Jaffar aliniambia mliachana zamani."

"Sijaachwa. Au nimeachwa, ila sijaambiwa."

"Keti, dada. Umetoka mbali."

"Si mbali. Nimetoka Jomvu."

Wakakaa benchi moja. Hawakutukanana. Nduku alieleza kwamba alifiwa na mume, na kwamba Jaffar alimwahidi ndoa. Mwanasiti alisikiliza huku ameshika kikombe cha maji, hanywi. Walikuwa bado wamekaa hivyo Jaffar alipotokea, shati limepigwa pasi, vumbi limempanda hadi magotini. Akasimama palepale barabarani.

"Mwanasiti."

"Abee."

"Umekujaje?"

"Kwa miguu."

Jaffar akainamisha kichwa.

"Nina swali moja," Mwanasiti akasema. "Ukifika pale njia ya kwetu inapokatia, wafanya nini?"

Jaffar akalipangusa vumbi la magotini. Alipojibu, hakudanganya.

"Naongeza mwendo."

Nduku aliinuka akazima moto wake.

"Jaffar, usirudi hapa. Mimi nilitaka mume. Sikutaka mume wa mtu."

Mwanasiti alirudi Jomvu peke yake. Jaffar alimfuata kwa mbali, akafika mlangoni akaukuta umefungwa. Kesho yake jioni akaja tena baada ya kazi, na kesho kutwa pia. Mwanasiti alimwekea chakula barazani, akachukua sahani tupu, akafunga mlango. Hakumtukana, wala hakudai talaka. Jaffar alimjulia hali mkwewe kupitia dirishani, kisha akashika njia kurudi Changamwe.

"Mwanangu," mama akasema, "mtu huyu atatufia njiani."

"Mbona Miritini alifika, mama, asife?"

Miezi ikapita hivyo. Masika ikaisha, mji mzima ukawa unazungumzia Uhuru, na Jaffar akazidi kukonda. Ndipo jioni moja akaja Mwarandu badala yake.

"Shemeji, Jaffar leo haji. Gunia limemwangukia mguuni."

"Miguu tena."

"Haki ya Mungu, nimeliona kwa macho yangu."

"Salamu zako nishazizoea, Mwarandu."

Mwarandu akaenda zake. Mwanasiti akaketi kuchagua mchele, akachagua, akachanganya tena uliokwisha kuchaguliwa. Akauweka ungo kando, akamwita Mwanakheri, akachukua buibui.

"Waenda wapi?" mama akauliza.

"Kuhakikisha."

Alipofika mteremko wa Mikindani, alimwona mtu mbele yake, ana fimbo, mguu mmoja umefungwa gunia. Mtu yule alikwenda hatua chache, akakaa juu ya jiwe, akainuka, akaenda tena. Mwanasiti alimjua kabla hajauona uso.

"Nani alikwambia utembee na mguu huu?"

"Nilijua hutaamini."

"Sikuamini. Ndiyo maana nimekuja."

Alipiga magoti pembeni mwa barabara, akalifungua lile gunia. Mguu ulikuwa umevimba, kucha zimekuwa nyeusi. Akavua leso yake, akaufunga upya.

"Umenisamehe?" Jaffar akauliza.

"Bado. Nimechoka tu. Hasira nayo ni kazi, Jaffar, yachosha kuliko kubeba magunia."

"Basi nirudi?"

"Kutoka hapa, karibu ni Jomvu au Changamwe?"

"Changamwe."

"Twende huko. Kwa leo."

"Chumba chenyewe ni kidogo. Kitanda kimoja."

"Kitandani utalala wewe na mguu wako. Mimi nitaona."

Akauchukua mkono wake, akauweka begani kwake. Jaffar alikuwa mzito kuliko alivyodhani, lakini hakumwambia. Wakashuka mteremko polepole, wakipumzika kila mara, na jua likachwa kabla hawajafika.