Siku Boti Zilipozuiwa

Salhiya aliamka mapema, akapiga deki nyumba nzima. Akatandika shuka jipya. Akafukiza udi nguo atakayovaa. Mume wake, Makungu, alikuwa anarudi kesho.

Makungu ni seremala. Alikuwa Morogoro kikazi, karibu mwaka mzima. Alipoondoka, mtoto wao Nadra alikuwa anatambaa. Sasa anakimbia.

Nyumba yao iko Jambiani, Unguja, chini kabisa, karibu na ufukwe. Maji ya bahari yakitoka, Salhiya huenda kwenye shamba lake la mwani. Akifunga mwani kwenye kamba, humuwaza mumewe. Nani anamkunia nazi huko? Nani anamsikiliza akirudi kazini amechoka?

Mchana huo redio ilitangaza habari. Kimbunga kilikuwa baharini, kinakuja upande wa pwani. Boti za Dar es Salaam zitasimama kuanzia jioni. Wanaokaa karibu na ufukwe wahamie skuli kabla ya adhuhuri ya kesho.

Salhiya alitoka nje, akatazama juu. Jua linawaka. Bahari imetulia.

Simu ikalia. Alikuwa Makungu.

"Nshafika Dar," alisema. "Tiketi za boti hazipo tena. Lakini kuna mashua ya mizigo inatoka Bagamoyo kesho asubuhi. Ntapanda hiyo. Siwezi kukuacha peke yako na mtoto."

Salhiya alifurahi. "Haya, njoo," alisema.

Alasiri alikuja Bi Mwanakhamis, jirani yake. Ni mkunga mstaafu, na yumo katika kamati ya maafa ya shehia.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujafunga vitu?"

"Sendi popote. Jua kali hivi, kimbunga kiko wapi? Na mume wangu anakuja kesho kwa mashua."

Bi Mwanakhamis alikaa barazani, akamwonesha ramani kwenye simu. Baharini palikuwa na alama ndogo. Mbele yake palichorwa umbo kama karatasi ya kutilia njugu, jembamba huku, pana kule.

"Kikubwa hivi?" Salhiya aliuliza.

"Hapana. Wengi hukosea hapo. Huu upana si ukubwa wake. Ni sehemu ambazo kitovu chake kinaweza kupita. Kilipo leo, watu wa hali ya hewa wanapajua. Kitakapokuwa kesho, hawana yakini sana. Ndiyo maana umbo linapanuka. Na upepo wake hufika hata nje ya mstari huu."

"Kumbe hata wao hawajui kama kitapita hapa."

"Hawajui. Na watu wa maafa hawangoji mpaka wajue. Wanauliza, upepo mkali unaweza kuanza lini? Kesho jioni. Kuhamisha wazee na wagonjwa kunachukua muda gani? Karibu siku nzima. Basi wanahesabu kurudi nyuma. Uamuzi lazima utolewe leo, jua likiwa hivi hivi. Upepo ukishaanza, nani atambeba mgonjwa njiani?"

"Mara ile tulihama, hata jani halikuanguka."

"Naikumbuka. Mlinisema sana. Lakini tukihama na kisije, tumelala vibaya usiku mmoja. Tusipohama na kikaja, atabaki nani wa kunisema?" Akaonesha baharini. "Na kesho ni bamvua. Maji yatajaa sana hata bila upepo. Upepo ukiyasukuma, yatafika hapa tulipokaa."

Salhiya aliitazama bahari. Kisha akauliza polepole, "Na mashua ya Bagamoyo?"

"Bahari huchafuka kabla kimbunga hakijafika. Itawakuta katikati. Mwambie wewe, mwanangu. Atakusikiliza."

Mwaka mzima, kila akizungumza naye, neno lake lilikuwa njoo. Sasa alipiga simu, akasema, "Makungu, usije."

Makungu akauliza, "Kuna nini? Umenichoka?"

"Sijakuchoka. Usipande mashua hiyo. Ngoja boti."

"Nipo karibu hivi, Salhiya."

"Najua. Usije."

Alikata simu kabla kilio hakijamtoka. Akatia vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Akachukua maji, dawa, na chakula cha mtoto. Akachukua na shati moja la Makungu, bila sababu.

Kesho yake jioni upepo ulianza. Watu walikuwa wamekwishajaa skuli. Umeme ukakatika, na mtandao wa simu pia. Salhiya hakujua kama mumewe alimsikiliza. Nadra alilala juu ya lile shati. Mama yake alikaa ameegemea ukuta, akisikiliza mabati yakipiga kelele.

Kitovu kilipita kusini, mbali na Unguja. Hata hivyo maji yaliingia majumbani. Kwa Salhiya yalifika dirishani, na paa la jiko halikuonekana lilikokwenda. Lakini kijijini hakufa mtu.

Mtandao uliporudi, simu ililia.

"Nipo Dar," Makungu alisema.

Salhiya alikaa chini palepale.

Boti zilipofunguliwa, alikwenda mjini na Nadra kumpokea bandarini Malindi. Mtoto hakumjua baba yake, akajificha kwenye buibui la mama. Makungu aliweka begi chini.

"Ile mashua ilirudi nusu njia," alisema. "Mizigo yote wameitupa baharini." Akamtazama mkewe. "Uliponambia nisije, nlidhani hunitaki tena."

"Nlikutaka," Salhiya alisema. "Nlikutaka mzima."