Mdogo Hakati Simu Kwanza

"Basi muulize baba yako," alisema Mektrida. "Mimi vocha sijaila."

"Baba ana simu ya tochi," alijibu Stella. "Haijampigia mtu tangu Pasaka. Inayokula vocha ni hii hapa."

Aliinyooshea kidole. Simu ilikuwa mezani, kati ya sufuria ya ndizi na kopo la chumvi. Ilikuwa simu kubwa ya kioo. Stella mwenyewe alimnunulia mama yake Krismasi iliyopita. Leo amekuja kuichukua.

Stella ni fundi cherehani. Anaishi Rau, Moshi mjini. Wazazi wake wanaishi Kirua Vunjo, juu mlimani, kwenye kihamba chao cha ndizi na kahawa. Yeye ndiye anayewanunulia vocha na umeme. Zamani alituma vocha mara moja kwa wiki. Siku hizi anatuma karibu kila siku, na bado haitoshi. Jumatano alituma asubuhi. Jioni mama yake akampigia kwa simu ya jirani, akasema imekwisha.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Nyumba ya wazee wawili inatumia umeme kuliko nyumba ya Stella, yenye cherehani na pasi.

"Januari Jesse anaanza kidato cha kwanza," alisema Stella. "Siwezi kushona sare za watoto wa watu, halafu wangu abaki nyumbani. Simu naichukua, mama. Utabaki na ya baba. Utapokea tu. Kupiga hapana."

Mektrida aliketi. Hakujali simu ya kioo. Jambo lililomuuma lilikuwa moja tu. Dada yake, Yuditha, yuko Babati kwa mwanawe. Alipooza upande mmoja, na huu ni mwaka wa pili yuko kitandani. Macho yake hayaoni vizuri, hivyo hawezi kupiga simu mwenyewe. Kila siku saa kumi na moja jioni Mektrida humpigia. Mjukuu hupokea, huiweka simu kwenye mto na kuondoka. Dada hao wawili husali rozari pamoja.

"Nisipopiga, atasali na nani?" aliuliza Mektrida.

Stella hakurudi nyuma. Baba yake, mzee Wenseslaus, alikuwa ameketi karibu na mlango, akifurahia ugomvi usiomhusu. Alisema kwamba wanawake wakishika simu hata Mungu hupata tabu kuingilia. Mkewe akamwambia anyamaze, maana huenda yeye ndiye anayempigia mtu kwa siri wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Mzee akajibu kwamba kwa goti lake hili, angependa sana huo uongo uwe kweli.

Wakati huo mtu alibisha hodi. Alikuwa Loveness, jirani yao. Loveness ni wakala wa simu. Ana kibanda kidogo barabarani, na kila jioni huja kununua lita moja ya maziwa. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaweka chupa yake chini. Akaona nyuso zilivyo.

Stella alimweleza kwa kifupi. Loveness alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Dada Stella, ukikuta debe la maji tupu, unatafuta kwanza linapovuja. Bibi, naomba niione hiyo simu."

Aliigeuza. Nyuma yake palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda. Juu ya plasta palikuwa na tarakimu nne, zimeandikwa kwa kalamu nyeusi.

"Hii nini, bibi?"

"Namba yangu ya siri. Nisiisahau."

"Sasa hii ni siri au ni tangazo?" aliuliza Loveness.

Hata Stella alicheka. Loveness aliibandua plasta pale pale. Alimweleza bibi kwamba mwenye namba hiyo anaweza kutoa pesa zote zilizo kwenye simu. Usiiandike kwenye simu. Usimtajie mtu, hata akisema amepiga kutoka kampuni ya simu. Usimtajie hata wakala. "Hata mimi," alisema. "Ukija kibandani, bonyeza mwenyewe. Mimi nitaangalia barabarani." Akamwongoza kubadilisha namba, na yeye mwenyewe akageukia ukuta. Alimwonya asitumie mwaka wake wa kuzaliwa, kwa sababu ndio wa kwanza ambao mwizi hujaribu.

Kisha Loveness alisoma ujumbe uliokuwa kwenye simu. Alikuta kitu. Bibi alikuwa amejiunga na huduma ya nyimbo. Mtu akimpigia, anasikia mwimbo badala ya mlio wa kawaida. Kila wiki pesa ya mwimbo huo ilikatwa kwenye vocha.

"Nani alikuunganisha?"

"Simu iliniuliza kama nataka," alisema Mektrida. "Iliniuliza kwa heshima. Nikaona si vizuri kukataa."

"Simu haina haya, bibi. Wewe nawe usiionee haya. Usipojua unaulizwa nini, jibu hapana."

Alimwondoa kwenye huduma ile. Alisema kila mtandao una njia yake ya kujiondoa, na wakala yeyote mwaminifu atakuonyesha. Lakini mwimbo mmoja hauwezi kumaliza vocha yote ya Jumatano. Kwa hiyo alifungua orodha ya simu zilizopigwa.

"Jumatano umezungumza na bibi Yuditha dakika arobaini na moja. Jumatatu dakika thelathini na tisa. Rozari ni ndefu hivyo? Sisi Walutheri tungekuwa tumeshakula na kulala."

Mektrida alisema hapana. Rozari yao ni dakika ishirini, pamoja na salamu. Analijua hilo kwa sababu akianza huweka ndizi jikoni, na akimaliza zimeiva.

"Basi nionyeshe unavyomaliza," alisema Loveness. "Piga kwangu. Nifanye mimi ndiye dada yako."

Alimtilia vocha kidogo, Mektrida akapiga. Loveness akapokea. Mektrida akasema Amina, akasema lala salama dada, kisha akaiweka simu dirishani, kioo juu. Akakunja mikono. Baada ya muda kioo kilizima.

"Ndiyo hivyo. Imekatika."

"Wewe umeikata?"

"Mimi?" Mektrida alishangaa. "Yuditha ni dada yangu mkubwa. Mama alitufundisha, mdogo hamgeuzii mkubwa mgongo kwanza. Mkubwa ndiye anayeaga na kuondoka. Nangoja akate yeye. Kioo kikizima, najua amekata."

Loveness alikigusa kioo kwa kidole kimoja. Kikawaka. Sekunde zilikuwa bado zinahesabika, moja baada ya nyingine. Simu ilikuwa wazi.

Kuku mmoja aliingia, akatazama, akatoka.

"Kioo kuzima si simu kukatika," alisema Loveness polepole. "Kioo kinalala tu. Simu inaendelea mpaka mmoja abonyeze hapa penye rangi nyekundu, au mpaka vocha iishe. Yako huwa inangoja vocha iishe."

Mzee Wenseslaus alicheka mpaka akashika goti. Alisema kwamba ameishi na mwanamke huyu miaka hamsini, na kumbe kila siku kimya chake kinalipiwa vocha.

"Babu, usicheke sana," alisema Loveness. "Mita yenu hapo mlangoni inakonyeza kama ina wazimu. Nani anatumia umeme saa hizi?"

Wote waligeuka. Nyuma ya kiti cha mzee palikuwa na ndoo kubwa, imejaa maji pomoni. Ndani yake ilizama hita, ule waya wa kujikunja wa kuchemshia maji. Mvuke ulikuwa unapanda. Yalikuwa maji ya kuoshea kiwele cha ng'ombe kabla ya kukamua. Mzee hufanya hivyo asubuhi na jioni, maana huku juu maji ni baridi na ng'ombe wake, Tausi, akioshwa na maji ya baridi hurusha teke.

Loveness alimuuliza anatumia maji kiasi gani kwa kiwele kimoja. Mzee alikohoa. Alisema jagi moja. Na yanayobaki? Yanayobaki hupoa, kesho anachemsha mengine.

"Baba," alisema Stella. "Ndoo nzima? Mara mbili kwa siku? Ndiyo maana nanunua umeme kama mwenye kiwanda."

Sasa zamu ya kucheka ilikuwa ya Mektrida, na hakuiharakisha.

Loveness aliwaeleza kwamba vitu vinavyotoa joto ndivyo vinavyokula umeme zaidi, kama hita, pasi na birika. Taa ndogo hula kidogo, ingawa zile za zamani zenye mwanga wa manjano zibadilishwe. Isitoshe, hita ya ndoo ni hatari. Mtu akitia mkono majini ikiwa imechomekwa, anaweza kufa. Alichomoa waya mwenyewe kwanza, ndipo akaruhusu mtu aguse ndoo.

Mektrida ndiye aliyetoa njia. Kila siku akiepua ndizi, makaa hubaki mekundu. Atateleka birika la majagi mawili juu ya makaa hayo, kisha maji atayatia kwenye chupa ya chai ya zamani. Ya jioni yatapatikana jioni, na ya alfajiri yatakuwa bado ya moto. Mzee alitaka kujua kama Tausi atakubali maji ya chupa. Mkewe akamwambia Tausi hasomi, atakubali.

Ilibaki simu. Stella aliitazama, akamtazama mama yake.

"Na rozari?" aliuliza. "Hata dakika ishirini kila siku bila kifurushi ni pesa nyingi."

Loveness alisema hapo ndipo penye kosa la mwisho. Bibi alikuwa anapiga kwa vocha tupu, na vocha tupu ndiyo bei kubwa kuliko zote. Bibi Yuditha yuko mtandao uleule. Kipo kifurushi cha wiki, dakika za mtandao mmoja, zinatosha nusu saa kila siku. Alitaja bei. Ilikuwa chini ya vocha ya Jumatano peke yake.

Stella alitoa simu yake, akamnunulia mama yake kifurushi hicho. Ujumbe ukalia mezani.

Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Mektrida alifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa na wasiwasi kama msichana anayekwenda kuungama. Kusali hakukumtisha. Kilichomtisha ni kumwambia dada yake kwamba kuanzia leo mdogo ndiye atakayekata. Loveness alimwonyesha pa kubonyeza ili wote wasikie. Mjukuu wa Babati akapokea, akaiweka simu kwenye mto.

"Dada, shikamoo," alisema Mektrida. "Kabla ya rozari nina neno." Akaeleza yote, kioo, sekunde na vocha. Mwishoni sauti yake ilishuka. "Naomba ruhusa yako, dada. Niwe nakata mimi."

Yuditha akasema, "Mimi nilijua kwamba haikatwi."

"Ulijua?"

"Nalala hapa nasikia. Nasikia kuku wako. Nasikia mvua kwenye migomba. Nasikia Wenseslaus anavyogombana na ng'ombe, na kila siku analalamikia chumvi. Ningeweza kumwita mtoto akate. Sikumwita. Huku naona dari tu, Mektrida. Ukiiweka simu dirishani, mimi niko Kirua."

Mektrida alifunika mdomo. Stella aligeukia dirisha, akajifanya anatazama kuku.

"Sikujua kwamba inakulia pesa," aliendelea Yuditha. "Ningejua ningekohoa."

Mzee Wenseslaus ndiye aliyecheka kwanza, na safari hii wote walimfuata, hadi Babati. Stella alisogea karibu na simu. Alimwamkia mama yake mkubwa, kisha akasema kwa sauti yake ya dukani, "Mama mkubwa, sikiliza. Dakika zipo nusu saa kila siku. Ishirini za rozari. Kumi za Kirua. Zikifika, mama anakata. Unakubali?"

"Nakubali. Lakini zile kumi nianze nazo leo. Nipelekeni kwa ng'ombe."

Basi wakaenda, simu ikitangulia mikononi mwa Mektrida. Mzee alichota jagi moja tu kutoka kwenye ndoo. Aliosha kiwele, akapaka mafuta, akakaa kwenye kigoda. Mektrida aliishika simu karibu na ndoo ya maziwa. Maziwa yakaanza kugonga bati, chwaa, chwaa. Tausi akapumua kwa nguvu.

"Bado ana kiburi," ilisema simu.

Walipomaliza walisali rozari palepale nje ya banda. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Matendo ya Furaha. Loveness alisimama na chupa yake ya maziwa hadi mwisho, ingawa yeye ni Mlutheri.

Baada ya Amina, Mektrida alisema lala salama dada. Alinyoosha kidole. Akabonyeza penye nyekundu, kisha akakigusa kioo kuhakikisha. Sekunde zilikuwa zimesimama.

"Imekatika," alisema. "Nimeikata mimi."

Giza lilikuwa halijaingia Stella alipoaga. Mama yake alimfungia ndizi na maparachichi, akaweka simu mfukoni mwake mwenyewe, na hakuna aliyeiomba. Stella alikumbuka kitu, akarudi ndani. Aliitoa hita kwenye ndoo, akazungusha waya wake vizuri, akaitia kwenye mkoba.

"Nilisema naondoka na kitu hapa," alimwambia baba yake. "Naondoka nacho."