Sauti Kutoka Duka la Haidari

Shati la Isidori lilinukia udi. Mkewe, Theopista, alikuwa amelifua mara mbili, na lile duka la vitambaa la mzee Haidari lililoungua juzi, alikoingia kuzima moto, halikuuza udi.

"Ulimbeba nani mle ndani?" aliuliza.

"Sikubeba mtu. Nilisikia mwanamke anaita, 'Kaka, nitoe.' Nikaingia. Hakuna mtu."

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1996. Mji wa Mpanda ulikuwa na gari moja la zimamoto, na zamu ya mchana ilikuwa ya watu wawili: Nkwabi dereva, na Isidori, ambaye baada ya miaka kumi na minne ya kuburuta mpira wa maji, hata viatu alivivua akiugulia maumivu.

Wiki iliyofuata liliungua jiko lililoezekwa nyasi. Sauti ikamwita. Akaingia, akatoka peke yake, mkono umebabuka.

"Unamfuata nani humo?" Nkwabi alifoka. "Wenyewe wote hawa hapa nje!"

Siku ya mapumziko, saa nane mchana, Theopista alimwamsha kwa mnong'ono. "Baba Tereza, amka. Yuko mlangoni. Anasema umtoe."

Nje hapakuwa na mtu. Ila ubao wa mlango ulikuwa wa moto, haushikiki.

Walikwenda kwa Bi Kauthar, mganga wa majini. Alimfukiza Isidori, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka.

"Jini huyu alikuwa akikaa dukani kwa Haidari," alisema. "Nyumba yake imeungua, akataka wewe uwe nyumba. Nimemtoa. Hatakuita tena."

Usiku ule Isidori alilala usingizi mzito. Siku chache baadaye ghala la mpunga liliposhika moto, alisimama mlangoni akasikiliza, akasikia mbao zikipasuka tu, na kwa nafuu aliyoipata machozi yakamtoka, akageuka kuomba maji zaidi, ndipo akamwona Nkwabi ameshashuka garini, kichwa kakiinamisha upande kama anayesikiliza redio ya jirani, anakuja moja kwa moja kwenye moto.

"Kaka, husikii?" Nkwabi alisema. "Kuna mwanamke humo."

Isidori alimkamata mkanda kwa mikono miwili, wakaanguka, wakagaagaa vumbini mpaka paa likaporomoka.

"Tumemwacha!" Nkwabi alilia.

Tangu siku ile, kila walipofika kwenye moto, Isidori alimfungia Nkwabi ndani ya gari, akatia funguo mfukoni, akaburuta mpira peke yake.