Mtani Aliyeshindwa Kutukana

— Mtumwa wangu, hamisha hilo tanga! Moshi wote unanijia mimi!

Mbissine alikuwa akipepea jiko la mkaa, lililokaa ndani ya beseni la mchanga katikati ya mtumbwi. Chaza walizokata asubuhi kwenye mizizi ya mikoko zilianza kufunguka juu ya moto, na wali ulishaiva. Akangoja tusi la Ansu, aliyeshika usukani. Mserer kama yeye akimtukana Mjola kama Ansu hurudishiwa papo hapo, ndio utani wao tangu mababu, na anayekasirika ndiye mshamba. Penzi la hawa wawili lilianzia kwenye matusi hayohayo.

Ansu alihamisha tanga, basi.

— We mla wali, umemeza ulimi? Au unaogopa kesho?

Kesho wajomba wa Ansu walitarajiwa Dionewar, kijijini kwa kina Mbissine, na kola, zile kokwa za posa. Simu ya Mbissine ikalia, ujumbe wa mama yake: "Nimeazima sufuria kubwa. Wanakuja wangapi? Nisije nikaaibika."

— Mama anauliza, hao wajomba zako walafi wako wangapi?

— Mbissine Sarr.

Tangu wajuane, Ansu hakuwahi kumwita jina lake kamili.

— Hawaji. Nimeoa, Mbissine. Kwetu Oussouye, baada ya mavuno.

— Acha utani wako wa kijinga!

— Nilikwambia. Siku ile gatini, mbele ya dada zako. Nilisema nimepewa mke.

— Nami nikasema nani ampe mke mwizi wa kuku! Tukacheka wote. Hata wewe ulicheka!

— Nilicheka kwa woga.

— Na kola je? Si ulikubali siku wewe mwenyewe?

— Nilidhani wajomba watakubali uwe wa pili. Wamegoma.

— Wa pili? Hata hilo hukuniuliza! Ansu, mtani akisema, mtu anacheka. Ndivyo tulivyolelewa, na ulijua. Ukaificha kweli pale ambapo nisingeitafuta.

— Nisamehe.

— Sitaki. Nitukane.

— Siwezi.

— Mara moja tu, nijue ni mchezo. Niite mla mtama! Niite mtumwa! Chochote, Ansu, nakuomba!

Alikuwa analia waziwazi, bila kujali. Ansu aliinamia usukani wake. Chaza zikaungua, na hakuna aliyenyoosha mkono kuzitoa.

Gatini wanawake walikuwa wakibanja chaza.

— Haya, bibi harusi! Mla wali wako mbona hashuki?

— Ameoa kwao.

Kicheko kikalipuka. Mmoja akajipiga mapaja:

— Umemuuza kwa magunia mangapi ya mchele?

— Nawaambia ameoa! Kesho hakuna kola!

— Jamani, watani hawa watatuvunja mbavu!

Wakazidi kucheka. Mbissine alitaka kuapa, akaona haina maana. Akacheka nao, kwa sababu machozi yalikuwa yanarudi na alihitaji kisingizio. Ansu alishaugeuza mtumbwi.

Nyumbani alimkuta mama uani, anasugua sufuria kubwa kwa majivu, anaimba.

— Umerudi? Haya niambie, wangapi?

— Mama, irudishe sufuria ya watu. Ansu ameoa.

Mama akafungua mdomo acheke. Akamtazama usoni, akauacha wimbo na sufuria, akamkumbatia kwa mikono yake yenye majivu.