Mwezi Mmoja wa Tufaha

Velika na mumewe Spase walikuwa na shamba la matufaha huko Prespa, juu kidogo ya ziwa. Kila asubuhi walikunywa kahawa barazani, kisha wakateremka shambani. Miti yao ilizaa mno, lakini matunda yalikuwa madogo. Kwa mwaka wa tatu mfululizo, wanunuzi wa sokoni waliyakataa. Yaliishia kwenye kiwanda cha juisi, kwa bei ya chini.

"Safari hii nitamwagilia maradufu," alisema Spase.

"Hata mwaka jana ulisema hivyo. Mbona hayakukua?"

Swali hilo halikumtoka Velika kichwani. Maua yalipopukutika, alichuma kitufaha kidogo kama njegere, akampelekea jirani yao, Mwalimu Lenka, aliyefundisha kilimo mpaka alipostaafu.

Lenka alikata kipande chembamba, akakidondoshea rangi, akakiweka chini ya hadubini.

"Chungulia, mwanangu."

"Ala! Vyumba vidogo tele, kama sega la nyuki!"

"Hizo ni seli. Tufaha zima limejengwa kwa seli. Unaiona ile yenye vijiuzi vyeusi?"

"Naiona. Vimejitenga mafungu mawili."

"Basi inajigawa. Vijiuzi hivyo vimebeba maagizo ya mti. Seli huyanakili yote kwanza, kisha kila upande hupata nakala yake, na ukuta hujengwa katikati. Moja imekuwa mbili. Mbili zitakuwa nne."

"Mpaka lini?"

"Kiasi cha mwezi mmoja tu baada ya maua. Kisha nyingi huacha kujigawa. Hujaa maji na sukari, zikavimba."

Velika aliinua kichwa. "Kumbe maji anayomwagilia Spase Agosti hujaza vyumba, hayaongezi vyumba!"

"Umepata. Na kwenu kila kishada kina matunda matano. Yananyang'anyana chakula mwezi huohuo. Bakiza moja, tena mapema."

Spase aliposikia, nusura kahawa impalie.

"Niangushe matunda yangu mwenyewe? Huyo mwalimu amekulisha nini?"

"Nipe mistari miwili tu ya miti."

"Chukua! Tukikosa mboga, utatupikia hizo seli zako."

Velika alifanya kazi hiyo peke yake siku nne. Vitufaha vilitapakaa chini kama mvua ya mawe. Alivitazama. Je, kama amekosea?

Septemba mnunuzi alipita shambani bila kusimama, mpaka alipofika kwenye ile mistari miwili.

"Haya nayataka yote," alisema. "Yale mengine, poleni."

Spase alichuma tufaha moja. Lilimjaa kiganjani.

"Mwakani mistari yote," alisema hatimaye. "Lakini mimi siangushi hata moja. Roho haitaniruhusu."

"Basi utanishikia ngazi."

Mei ikafika. Velika alipanda ngazi, Spase akaishika huku amegeuza uso. Kufika adhuhuri Spase alikuwa ameshachoka kusubiri.

"Hebu shuka, nipande mimi," alisema. "Unachelewa, na seli hazitungoji."